Mmekuja kwa Nani

Miaka ishirini na miwili pale masijala, Kasulu,
nimefungua majalada ya likizo za watu:
huyu kaenda kuzika, huyu kaenda kuposa,
mmoja aliandika "kupumzika" tu
na mkubwa wake akalizungushia neno wino mwekundu.
Mwaka huu nililiandika mimi.
Bukuru, pacha wangu, aliyenitangulia duniani kwa robo saa
na hajaacha kunitangulia tangu hapo,
alinunua kofia mbili za ukindu, akasema: twende.

Kibirizi, saa tano. Boti imejaa
unga, magodoro, mabati, mbuzi mmoja mwenye malalamiko,
na sisi wawili tusio na mzigo.
"Mnashukia wapi?"
"Popote."
Mkata tiketi akatugeuza machoni
kama noti iliyoungwa kwa gundi.

Huko barabara haifiki.
Milima imeshuka ikachutama majini kama wanawake wanaofua,
na vijiji vimeng'ang'ania mikunjo ya kanga zao.

Mtanga walidhani tumeleta vyandarua;
mama mmoja alikwisha kuwapanga wanawe mstari.
Mwamgongo walidhani ni sensa:
babu akatutajia kuku kumi na wanne,
akajirudi, akasema tisa.
Bugamba kijana alituona na mikoba yetu
akadhani ni watu wa mikopo,
akapotea nyuma ya mapipa ya mawese
akituachia nyayo nyekundu, moja, mbili, tatu, hadi mlangoni kwao.

Na kila gati, kila ngazi ya mawe,
kabla hata ya kumaliza "mwakeye":
Mmekuja kwa nani?
Tumekuja kutembea.
Kumtembelea nani?
Sikuwahi kujua kwamba kitenzi kile kina kiti ndani yake,
na kiti hakikubali kukaa kitupu.

Tulitembea hivyo hivyo.
Tulikula mgebuka wa kuchoma juu ya jani la mgomba,
mifupa tukamtupia paka aliyeidai kama kodi.
Tulisoma mitumbwi: DENI LA SHEMEJI.
USINIHUKUMU. Mmoja, mpya kabisa, BADO.
Maji chini ya mwamba yalikuwa ya kijani,
kisha ya buluu, kisha rangi
ambayo Bukuru aliiita "ya sare za manesi wa zamani,"
akanyamaza kidogo. Mama alivaa ile.

Zashe, mchana, wanaume wamelala barazani,
nyavu zimeanikwa, vichanja vya dagaa vitupu.
Nikauliza kuna msiba gani.
Mmoja akafumbua jicho:
"Mwezi mpevu, dada. Dagaa ataifuataje taa yangu
na mbingu nzima imewashwa?"
"Mpaka lini?"
"Siku saba, nane. Na sisi tuko likizo.
Yetu anaisaini yule."
Akaelekeza kidevu juu, mahali pasipo na kitu bado.
Bukuru alicheka hadi kofia ikamtoka,
ikaangukia ziwani, ikaenda zake kusini
bila kumuuliza mtu.

Kagunga, mwisho wa nchi,
mtoto akapiga kelele tukiwa bado majini:
"Wale wa kutembea wamefika!"
Habari zilipanda boti ya asubuhi.
Mwanamke aitwaye Nyandwi akatandika mkeka,
akaweka ugali wa muhogo, akaweka maji ya kunawa.
Hakuuliza. Nilingoja aulize.
Tulipokuwa tunalala akasema gizani:
"Kwetu tulikuwa saba. Nimebaki mimi.
Mkitaka kesho pia, lipo shamba la michikichi la kuona."
Nje ziwa lilikuwa jeupe, halina hata taa moja.
Bukuru alisinzia kwanza, kama kawaida yake.

Tukirudi, pale Bugamba,
yule kijana wa mapipa alisimama ufukweni bila kujificha,
anapunga mkono, kichwani kofia ya ukindu,
ukingo umelowa, umepinda.
Bukuru akataka kusimamisha boti.
Nikamshika mkono: muache.
Sasa ni zamu yake
kuulizwa ameitoa kwa nani.