Faranga Moja

Tulikopa fedha ya nchi tusiyowahi kuikanyaga.
Sisi wa Miskolc tuna tramu,
tuna kiwanda cha chuma kilichofungwa,
tuna vyumba viwili ghorofa ya saba
ambavyo Zsombor alivipaka rangi ya kiini cha yai
wiki moja kabla ya harusi, akiimba vibaya.

Karani alitabasamu. Riba ndogo, alisema,
ndogo kama kiroboto.
Hakutuambia kiroboto huruka.
Tukatia sahihi mara kumi na nne kwa kalamu yao,
wakatuachia kalamu.
Bado ninayo. Haiandiki.

Kisha huko mbali faranga ikaruka.
Hatukufanya kosa lolote Jumanne ile:
mimi nilikuwa nafua mashuka ya hospitali,
yeye alikuwa analala baada ya zamu ya usiku,
na jioni tulidaiwa kuliko asubuhi.
Mtu amelala, deni lake linanenepa.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga.
Harusi tuliifanya kweli, na keki, na fidla mbili.
Ila matanga haya yamekataa kuanuliwa.

Nilizikuta barua ndani ya buti lake la baridi.
Tano, zimekunjwa hadi unene wa kidole gumba.
Sikulia. Nilizinyoosha, nikazipanga mezani kwa tarehe,
na alfajiri aliporudi kutoka tanuri, unga kwenye nyusi,
akakuta karatasi mahali pa sahani.

Tuligombana kwa kunong'ona, kwa sababu ya kuta;
Bi Piroska wa upande wa pili husikia hata kijiko.
Nilimwita mwongo.
Akasema: nilitaka ulale.
Nikasema: nilale na nani, nawe unalala na benki?
Akacheka, mjinga yule, akacheka hadi akakaa sakafuni,
na mimi, ole wangu, nikacheka pia,
kisha hakuna aliyecheka.

Sasa kuna sheria. Bahasha hufunguliwa Alhamisi,
wote wawili tupo, tumenawa mikono
kama watu wanaokwenda kula.
Mashine ya kufulia tumeiuza. Zetu nazikanyaga bafuni kwa miguu,
mimi niliyefua mji mzima.
Jokofu tumelizima; baridi ya nje ni ya bure.
Yeye huleta mikate iliyopasuka, ile isiyouzika.
Pete ziko rehani, vidole vimebaki na alama nyeupe
ambayo hakuna aliyejua kuipigia bei.
Mtoto tumemwambia angoje.
Hajatungwa, lakini tumemwambia.

Dawa ya deni kulipa. Najua, najua.
Lakini dawa tunainyweshea kijiko cha chai,
na mgonjwa ni pipa.

Leo nimepita kwenye kibanda cha kubadilisha fedha.
Sikuwa na cha kubadilisha. Nimemwomba kijana wa dirishani
anionyeshe faranga moja tu, niishike.
Amenitazama kama mwizi, halafu kama dada yake,
akapekua droo.

Ni nyepesi.
Upande mmoja amesimama mwanamke
mwenye mkuki na ngao, nyota zimemzunguka,
uso kaugeuzia pembeni
kama mtu anayesubiri tramu nyingine.
Kumbe ni wewe, nimemwambia.
Samahani? amesema kijana.
Nimemrudishia sarafu ikiwa na joto la kiganja changu.
Hilo nalo wamelipata.

Nyumbani Zsombor amelala mchana, soksi miguuni,
mkono mmoja uko upande wangu wa kitanda
kana kwamba ananiwekea nafasi kwenye foleni.
Sikumwamsha. Nimemwandikia kwa penseli nyuma ya bahasha:

Nimeonana naye. Ni mwanamke. Ni mdogo kuliko nilivyodhani.
Supu iko nje ya dirisha, ivunje barafu kwanza.
Kesho Alhamisi.