Mbebaji Tu

Karatasi ya maabara ina herufi mbili,
A na S, bega kwa bega
kama wake wenza waliokwisha kupatana.
Daktari Mulama akaikunja, akanirudishia:
"Huumwi, Akumu. Wewe ni mbebaji tu."

Mbebaji tu.
Nimebeba mchele wa Ahero hadi sokoni Kibuye.
Nimembeba Adoyo mgongoni, ana miaka kumi na mitatu,
mifupa inamlilia chini ya ngozi,
usiku, mvua, mpaka ile hospitali tunayoiita Rasha.
Mizigo naijua.
Hilo "tu" ndilo sijui nilishike wapi.

Kwa sababu nikipanda Riat jua la saa saba
kitu hunishika chini ya mbavu, kushoto,
kama mkono wa mtu anayenifahamu.
Kwa sababu mwezi wa nne mkojo wangu
ulitoka na rangi ya mto Nyando ukifurika,
siku mbili, kisha ukatakata
kana kwamba hapakuwa na neno.
Magoti nayo hutangaza baridi kabla ya redio.

Picha ya figo: safi. Ya wengu: safi.
Muuguzi akasema labda ni mawazo.
Nikakaa kutwa bila kuwaza,
nachambua mchele, chuya huku, punje huku,
na ubavu ukanena vilevile.

Nyumbani sisemi.
Nikitamka "naumwa" Mama huinua macho ukutani:
Adoyo na sare ya shule,
picha imepauka yote
ila umanjano wa macho.
Maumivu yake yalikuwa na jina,
yalikuwa na faili nene, na kitanda,
na kidonge cha foliki kila asubuhi.
Yangu hayana hata kadi.
Nani ataonyesha mkwaruzo
katika nyumba iliyozika?

Baba alivuna mpunga kwa mundu.
Aliunoa juu ya jiwe la mlangoni, akisema
makali ni nusu ya kazi, kukata ni kule kupinda.
Mimi hulitamka selimundu polepole,
na kwenye mkia wa neno
nasikia lile jiwe.

Mbu wa mashambani wamenila tangu utoto.
Waliwalaza wenzangu darasa zima;
mimi nilikwenda shule peke yangu, nikajiona nimependwa.
Mulama anasema ndiyo heri yake, nusu hii ni ngao.
Sawa. Na ngao hii
nani aliitia ncha upande wa ndani?

Nyuma ya daftari la madeni nikaanza kuandika:
Jumanne, ubavu, saa kumi.
Ijumaa, hakuna.
Jumapili, magoti; mvua ikaja.
Nikampelekea. Akasoma hadi mwisho,
akavua miwani, akasema, "Sijui."
Kisha: kunywa maji, uepuke kilima saa saba,
urudi nalo.
Nikalitia "sijui" lake juu ya mchele
nikaenda nalo hadi Kibuye. Halikunilemea.

Jana nilifungua daftari kutafuta deni la Opudo,
kilo nne, tangu Pasaka.
Chini ya mstari wangu wa mwisho
kuna mwandiko ulioinama, si wangu, penseli imekandamizwa:

Alhamisi. Usiku.
Akumu ameguna mara tatu.