Cheche ya Manjano

Zima taa, nikamwambia Maret,
giza la karakana likatufunika hadi masikioni.
Nje, theluji ya Võru ilikuwa inashuka taratibu
kama mtu asiye na deni.
Nikaegemeza plagi kwenye kichwa cha injini,
naye akabonyeza stata.
Cheche ikaruka, kama kweli iliruka:
ya manjano, nyembamba, uzi wa shati kuukuu.
"Hiyo haiwashi hata utambi," akasema.
Miaka kumi na saba, na ulimi ni wa mama yake.

Gari hili nimelijenga mwenyewe.
Fremu ni mabomba ya zizi la ushirika uliokufa,
usukani ulitoka kwenye trekta,
na injini ni ya Moskvich,
niliyoitoa kwenye banda la kuku
kwa magunia mawili ya viazi.
Yuko tetea ambaye hadi leo hajanisamehe
kwa kumbomolea kitanda.

Basi nikaanza kuhojiana na vyuma.
Betri: volti kumi na mbili na nusu. Nzima.
Plagi: nikanunua nne mpya,
zikatoa cheche ileile,
maskini ndani ya kanzu ya Idi.
Pointi nikazisugua kwa msasa laini,
mwanya nikaupima kwa nyembe nne zilizobebana,
kama alivyonifundisha fundi mmoja jeshini.
Kondensa nikabadilisha.
Koili nikaazima kwa Urmas,
jirani asiyeazimisha kitu bila hotuba.
"Koili haifi ghafla," alihutubu,
"hufa kama ndoa: joto kwanza, halafu kimya."
Mkewe Helgi alikuwa amesimama palepale
na bakuli la kabichi.
Hakucheka.

Koili ya Urmas: manjano.
Waya mpya: manjano.
Usingizini: manjano.
Siku ya sita nikaishika plagi vibaya,
umeme ukanipiga mpaka kiwikoni,
nikatukana kwa lugha tatu.
Kisha nikafurahi kidogo.
Uhai upo, nilijiambia,
ila unapotea njiani.

Maret alikuwa amekaa juu ya ndoo
na daftari lake la fizikia magotini.
"Baba, ukishakwenda, unarudi kwa njia gani?"
Nikamwonyesha utepe wa shaba uliosukwa
kutoka kwenye bloku hadi kwenye fremu,
tunaouita ardhi
ingawa haujawahi kugusa udongo.
Akauvuta. Umekazwa barabara.
"Na chini yake?"

Chini yake, rangi.
Kijani, mikono mitatu,
niliyoipaka kiangazi kizima kwa burashi ya manyoya ya nguruwe,
nikibana pumzi kila nilipofika pembeni.
Bloku na fremu nilivivika kama maharusi,
kisha nikafunga boliti juu ya mapenzi yangu.
Umeme ulikuwa ukipenya kwenye reli za boliti tu,
mgeni anayepitishiwa dirishani.

Mficha uchi hazai.
Nikachukua msasa mkali, nikakwangua
duara la ukubwa wa sarafu, huku, kisha kule.
Iliniuma, nisiseme uongo.
Kijani kikadondoka vumbivumbi kwenye buti zangu,
chuma kikachomoza cheupe,
kikashangaa baridi.
Nikapaka grisi. Nikakaza.

Zima taa.
Safari hii ilikuja bluu,
nene, yenye mlio, ta, ta, ta,
kama mtu anayevunja karanga kwa meno.
Katika kila mlio niliuona uso wa binti yangu
na alama ya masizi puani,
ukatoweka, nikauona tena.

Injini haikuwaka usiku ule.
Tangi lilikuwa kavu:
petroli yote nilikuwa nimeoshea pointi.
"Ngoja nikaombe kwa Urmas," nikasema,
"nikapate na hotuba."
Lakini sikuinuka.
Tulikaa gizani kitambo,
yeye akibonyeza,
mimi nikitazama.