Msoma Mita wa Namakwekwe

Kila tarehe tano napiga magoti
malangoni mwa watu, kama anayeungama,
nafuta tope kwenye kioo kidogo, nasoma.
Mbwa wa Wamimbi amenizoea:
habweki tena, anapiga miayo.

Kwa Wamimbi nyasi zilikuwa kijani hata Januari.
Mlima Masaba umekauka koo,
Nabuyonga imebaki uzi wa kushonea,
naye mpira wake umelala bustanini usiku kucha
ukitiririsha mto wa kwake peke yake.

Ng'ambo ya barabara Khainza alinunua kibandani,
dumu kwa dumu, shilingi mia mbili.
Siku moja nikapiga hesabu nyuma ya daftari:
lita kwa lita, Khainza alimzidi Wamimbi mara nne.
Nikalifunga.
Daftari letu halina safu ya aibu.

Kisha ikaja bei ya ngazi.
Kipandio cha kwanza kiko chini, hata mtoto anapanda;
cha pili kinaomba pumzi;
cha nne kinang'ata kisigino.
Dumu la kibandani likashuka hadi hamsini.
Wamimbi akakunja mpira,
nyasi zikageuka rangi ya simba.

Tukashangilia, hadi Nagudi wa uhasibu alipotuita,
mbele yake kikokotoo na chai iliyopoa.
"Watu wamejifunza kubana," alisema.
"Tangi limejaa, sanduku tupu.
Na pampu hainywi sifa, jamani. Inakunywa umeme."

Ndipo ankara ikakatwa vipande viwili:
kidogo cha bomba, kilichobaki cha maji.
Mugide, fundi viatu, akanishika mkono:
"Hata nisipofungua, nilipe?"
Nikatafuta neno la ofisini, nikalikosa.
Hata usipofungua, nikamwambia,
liko hapo ukutani linakungoja,
na bondeni kuna mtu hajalala
ili siku ukirudi lisikukoholee hewa.
Alilipa. Hakukubali, lakini alilipa.
Nami sijui kama nilikubali.

Mita ya kwangu huisoma mwisho, giza likiingia.
Nambozo anaumwagia mgomba
maji aliyooshea mchele.
Namulika kwa simu, natoa ya mwezi jana:
yuniti kumi na moja. Nilidhani saba.
Natulia, nasikiliza.
Ndani, mahali fulani, tone.
Kimya.
Tone.

Naandika kumi na moja,
kisha naingia kutafuta spana.