Jipu Lililodunda

Lilianza na jino. Gego la chini, kushoto,
nililolituliza kwa karafuu na uongo
safari tatu za mlima mfululizo,
kilo ishirini shingoni, mali ya wageni:
viti vyao, mayai yao, choo chao cha kukunja.

Kisha shingo ikafura,
ukubwa wa parachichi changa, la moto.
Jirani akasema tezi. Shemeji akasema jicho la mtu.
Mimi nikasema jipu, litaiva, litatumbuka.

Zahanati ya Uru, tabibu Kisanga
alishavaa glavu, wembe umeshatoka kwenye karatasi yake.
Sijui nini kilimwambia aweke kidole kwanza.
Akanyamaza.
"Hili linadunda," akasema,
akaurudisha wembe mezani
kama mtu anayemlaza mtoto.

Ndivyo nilivyoijua mishipa yangu, nina miaka arobaini na moja:
kwamba ule unaopandisha damu kichwani
ukuta wake umeoza kwa vijidudu vya jino,
umetuna kama tyubu inavyochungulia
kwenye tairi kuukuu la baiskeli.

Daktari Masunzu, mama mfupi, hakunificha.
"Tukiufunga tu, huenda nusu ya mwili ikalala.
Tukiuacha, utapasuka.
Tukiweka bomba la plastiki, vijidudu vitalihamia nalo.
Nitachukua mshipa wa paja lako."
Aisia akauliza: atapanda mlima tena?
Daktari akasema: kwanza aamke.

Nusukaputi. Dakika kumi na tisa, niliambiwa,
mshipa ulibanwa, huku wakikwangua usaha na kushona,
na kichwa kikakopa damu upande wa pili
kama tunavyokopa maji ya mfereji
siku isiyo ya zamu yetu.

Nikaamka. Wakasema tabasamu.
Nikatabasamu, pande zote mbili.
Wakasema taja jina lako. Nderingo, nikasema,
sauti ikikwaruza kama mlango wa banda la mbuzi,
na Aisia akatoka nje kulia.

Wiki sita za dripu, hapa Moshi mjini.
Kibo kilijitokeza dirishani mara nne tu,
nilizihesabu.

Siku hizi nauza buti za mitumba Kiboriloni.
Gego liling'olewa, sikuuliza lilitupwa wapi.
Usiku nikilalia ubavu wa kushoto
nalisikia paja langu likitembea shingoni,
hatua, hatua,
pole pole,
kama tulivyokuwa tukiwaambia wageni.