Mifupa Ishirini na Saba

Madaktari waliitoa sauti ya baba mwezi wa Machi,
wakaiweka kwenye sahani ya bati, sijui walikoitupa.
Ijumaa akarudi kichochoroni kwetu, Napoli,
shingo imeviringishwa bendeji kama zawadi,
na hadi Jumatano hakuna jirani aliyegundua.

Maana Gaudioso muuza samaki alipotaja bei
baba alikusanya vidole vitano, ncha kwa ncha,
kama anayeokota tonge,
akavitikisa mbele ya pua ya mwenye mizani:
Nini hiki? Unaniuzia dagaa au mashua?
Bei ikashuka.

Karani wa manispaa alipopita, baba alivuta kope ya chini
kwa kidole kimoja: fungueni macho, mjanja huyo.
Alipoulizwa habari za shemeji yake Tancredi
alipitisha kucha chini ya kidevu, zikachomoka mbele,
shauri yake,
na aliyeuliza akaenda zake akisema wamezungumza sana.

Ulimi hauna mfupa, tunajua.
Ndiyo maana unateleza.
Mkono una mifupa ishirini na saba
na baba aliitumia yote tangu siku za ukinyozi,
mkono mmoja ukishika mkasi,
wa pili ukimalizia sentensi kwenye kioo,
na mteja, amefungwa shuka hadi shingoni,
mikono yake imenaswa chini, hana la kujibu.

Lakini simu.
Simu za wakati ule zilikuwa na waya, hazikuwa na dirisha.
Nami nilikuwa Torino, kiwanda cha matairi,
kati ya watu wanaoongea mikono ikiwa mifukoni
kana kwamba wanaogopa itaibiwa.
Kila Jumapili jioni mama alishika mkonga,
baba akaketi mkabala naye, mama akawa mkalimani.

"Baba anakusalimia."
Sivyo, mama. Nimesikia kucha zikikwaruza ndevu.
Amesema hajali.
"Kama unajua, unaniuliza nini?"

Nikajifunza kusikiliza mikono.
Mkono wa shati ukivuma: amekata hewa, tokeni hapa.
Viganja vikikutana polepole, kofi lililojuta:
jamani, nimewakosea nini?
Kiti kikilia: amerudisha kichwa nyuma, na kwetu hiyo ni hapana.
Hapana hiyo niliijaribu kiwandani.
Msimamizi akatazama dari, akaniuliza kama inavuja.

Ipo moja isiyo na sauti hata chembe.
Gumba na shahada vimenyooka, vinazungushwa hewani:
hakuna.
"Anasema hakuna," mama aliniambia mwezi wa Oktoba.
Hakuna nini?
"Anazungusha tu. Mkate, pesa, nguvu. Sijui, Ersilia.
Anazungusha."

Desemba niliwaambia sitaolewa na Ruggero.
Ukumbi ulikuwa umelipiwa. Gauni lilikuwa limekatwa
na mama mwenyewe, kwa kitambaa cha mkopo.
Nilimsikia akivuta pumzi, akaanza kuwataja watakatifu
mmoja mmoja, hata wale ambao hatuna picha zao,
kisha akakatika katikati ya jina.

Nilitega sikio. Hakuna kucha. Hakuna kiti.
Shati halikuvuma.

Mama, baba anasemaje?

"Mjinga huyu."

Anasemaje?

"Ametia kidole shavuni. Anakizungusha."

Ile anayoifanya mara mbili kwa mwaka,
mkunga wa Krismasi ukitoka kwenye mafuta
na bilinganya za dada yake mwezi wa Agosti.
Tamu. Tamu kabisa. Nani kapika?

Nilicheka hadi mpangaji wa pili akagonga ukuta.
Kisha, mkonga nimeubana kwa bega,
jikoni, peke yangu, taa moja,
nikachomeka kidole changu shavuni.

"Mbona kimya?" akauliza mama.

Si kimya, nikasema.
Namjibu.