Kiraka

Tartu, saa saba usiku. Theluji imeziba dirisha.
Chini ya meza ya pasi seva ya duka inakoroma,
feni imejaa nyuzi za sufu.

Miaka minne Leelo alisema: inafanya kazi, usiiguse.
Yeye, asiyeona kiwiko kilichochakaa
asishike sindano.

Leo amenakili daftari zima la wateja kwenye diski,
akaitia mfukoni mwa aproni, akabonyeza Sasisha.

Asilimia tisini na moja.
Tisini na moja.
Chai imepoa. Tisini na moja.
Kioo kikawa cheusi tititi.

Kisha, herufi moja moja, kikaanza kukumbuka:
Koti la Heldur, kiwiko cha kushoto, hajalipa.

Leelo akacheka peke yake,
akatafuta uzi wa kijivu.